Kitufe cha Saba

Usiniulize mwaka. Mpunga ulikuwa umekwishavunwa,
Onézime Malveaux ana miaka kumi na mmoja,
na baba yake amerudi kutoka Opelousas
bila nyumbu,
na kodiani mgongoni.
Mkewe hakugomba. Alichemsha maharage,
hayana nyama, hayana chumvi,
akamsukumia sahani: "Haya, tia wimbo wako humo, ule."

Kodiani yenyewe ilikuwa na kitufe bubu.
Cha saba, ukihesabu kutoka juu.
Ukikibonyeza, upepo ulitoka mtupu,
fyuu, kama kibogoyo anayeita mbwa.
Fundi alikuwa Lake Charles,
na Lake Charles ilikuwa mbali kuliko pesa.
Basi mtoto akajifunza kuruka.
Wimbo ukifika penye shimo
aliuvusha, akautua ng'ambo,
na pale katikati akaacha kisigino kiseme:
du! juu ya mbao.

Shuleni alipigishwa magoti juu ya punje za mahindi
kwa kuomba kwenda msalani kwa Kifaransa.
Akarudi amefumba mdomo,
akaiachia mivukuto ilalamike
kwa lugha ileile iliyokatazwa.

Mimi ni mtoto wa dada yake, Ludovic.
Nilianza na ubao wa kufulia wa bibi, vijiko viwili mkononi.
Jumatatu bibi aliona ubao umechubuka,
Jumatatu hiyohiyo nikachapwa,
Jumamosi nikauiba tena.
Tulipiga majumbani. Meza nje, makabati nje,
kitanda kimewekwa uani chini ya mpekani,
watoto wanane wamelazwa juu yake kama samaki sokoni,
na ndani sakafu inapinda, inapinda,
mwenye nyumba anashika taa ya mafuta kwa mikono miwili.

Baadaye ilikuwa Port Arthur, kiwanda cha mafuta,
zamu ya usiku, harufu isiyotoka kwenye mto.
Huko alisikia gitaa la umeme likilia ukutani kwa jirani,
akaenda kubisha hodi akiwa na soksi tu.
Wiki tatu baadaye tulikuwa na ngoma, besi, na kesi na polisi.
Wazee wa nyumbani walisema ameuza urithi.
Walisema hivyo wakicheza.

Kule Eunice tuliingia kwa mlango wa jikoni,
tukapiga hadi saa saba, tukatoka kwa mlango wa jikoni.
Mpishi alitupa mbavu za nguruwe ndani ya gazeti.
Mjomba alizila zote, hakusema kitu,
ila njia nzima alikuwa akifutafuta vidole.

Mtu wa studio alimuuliza: muziki huu unaitwaje?
Akajibu: "Jumamosi."
Yule akaandika kitu kingine kwenye lebo.

Sahani ile ikazunguka dunia. Akiwa na miaka sitini na miwili
tulipelekwa Uholanzi, ukumbi wenye viti vyekundu,
watu mia nne wameketi, mikono mapajani.
Alipiga nusu ya wimbo, akasimamisha.
"Nani amefariki?"
Mkalimani aliona haya kutafsiri.

Na vijana wote wa kodiani, kutoka Mallet hadi Houston,
waliruka pale aliporuka.
Kodiani zao mpya, zinang'aa, vitufe vyote vizima,
na wanaruka, du! kisigino,
wakifundishana kwamba hapo ndipo penye roho.
Mjomba aliwasikia. Akakohoa kicheko kwenye kofia yake.
Mwenyewe alikuwa amenunua tatu, kubwa, za lulu.
Kidole hakikurudi mahali pale.

Tulimzika Machi, matope hadi kwenye vifundo.
Nami nikaipeleka ile ya nyumbu kwa fundi,
binti mmoja wa Lawtell, Solange, miwani kichwani.
Akaifungua juu ya gazeti. Akachungulia. Akatia kibano.
Chini ya ulimi wa kitufe cha saba
kulikuwa na ganda moja la mpunga.
"Kazi ya dakika mbili," alisema. "Sikutozi."
Akabonyeza. Kikalia.
Sauti nzuri tu, ya kawaida.

Nikamwomba alirudishe.